Nyuma ya Jiko la Chuo

Jioni hii nina neno na vyuo vikuu vyetu, na neno lenyewe linahusu tabianchi na taka. Najua ukisikia tabianchi unawaza semina, bango la dunia iliyoshikwa viganjani, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili. Usizime redio. Nataka kukupeleka mahali ambapo mgeni rasmi hapelekwi, yaani nyuma ya jiko.

Kwanza nitoe haki kwa anayestahili. Nairobi, mtaa wa Madaraka, kipo Chuo Kikuu cha Strathmore. Mwaka 2014 chuo hicho kiliwasha mitambo ya sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake, kwa mkopo wa masharti nafuu wa fedha za Ufaransa uliopitia benki ya hapohapo Kenya. Mwaka uliofuata kikatiliana saini na Kenya Power, kampuni ya umeme, ili umeme unaobaki uuzwe kwenye gridi ya taifa. Hata majengo waliyokuwa wamejenga miaka michache kabla yake yalichorwa yapitishe hewa na mwanga wa asili na kuvuna maji ya mvua. Kwa wakati ule, chuo cha Afrika Mashariki kuuza umeme badala ya kulalamikia bili lilikuwa jambo la kuvua kofia, na mimi navua.

Lakini tuulizane kidogo. Umeme wa Kenya unatoka wapi? Takriban sehemu tisa kati ya kumi ni joto la ardhi kule Olkaria, maji ya mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Maana yake ni kwamba kila uniti ya sola inayozalishwa juu ya paa la chuo cha Nairobi inachukua nafasi ya uniti ambayo tayari ilikuwa safi kwa sehemu kubwa. Kwenye shilingi faida ni kubwa. Umeme ukikatika, na genereta la dizeli likabaki kimya, faida inaonekana hata angani. Ila kwa siku ya kawaida, hesabu ya gesijoto haishuki kama bili inavyoshuka.

Na kwetu Tanzania mambo yanaelekea hukohuko. Kwa miaka mingi tulitegemea mno gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay kuzalisha umeme. Sasa bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzungusha mashine zake mwanzoni mwa 2024, na sura ya gridi imebadilika. Kwa hiyo chuo kitakachotuita kesho kutuonyesha paneli juu ya paa la utawala, kikatangaza kwamba kimemaliza kazi ya tabianchi, tukipongeze kwa kubana matumizi. Ni kazi nzuri ya mhasibu. Kazi ya tabianchi bado iko chini, ardhini, kwenye masizi na makombo.

Basi twende huko nyuma. Simama nyuma ya kantini yoyote ya chuo kikubwa, saa nane mchana, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha. Ukuta mweusi kwa moshi. Masufuria yanayoweza kumwogesha mtoto yamelazwa ubavu yanasuguliwa, na ukoko wa wali unatoka vipande vipande kama magamba. Kando kuna rundo la maganda ya ndizi, viazi na vitunguu, mabua ya mchicha, maganda ya tikiti. Maji ya maharage yanatiririka kwenye mfereji. Halafu kuna pipa. Ndani ya pipa hilo utakuta wali, mifupa ya samaki, vikombe vya plastiki, chupa za maji, karatasi za leso, na vile vifuko vya nailoni vilivyobaki mitaani hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini Juni 1, 2019. Vyote vimelowana pamoja na vinanuka pamoja. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utawakuta na tumbili, ambao ratiba ya mlo wanaijua kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Pipa hilo ndilo shina la mazungumzo yangu. Mabaki ya chakula yakioza mahali penye hewa, kwenye shimo la mboji linalogeuzwa vizuri, yanatoa hasa hewa ukaa na kuacha udongo mweusi wenye rutuba. Yakibebwa na gari la taka hadi dampo, yakafukiwa chini ya matabaka ya taka nyingine pasipo hewa, wanaofanya kazi ya kuyaozesha ni vijidudu vya aina nyingine, na hao wanatoa methani. Kilo moja ya methani ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Ikipimwa kwa miaka 20, ambacho ndicho kipindi kinachomhusu mwanafunzi aliyeko darasani leo, ni mara 80 hivi. Kwa Dar es Salaam gari hilo linaelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, mbali na Mlimani, likichoma dizeli kwenye foleni ili kupeleka maganda yenye maji mengi kuliko kitu kingine. Tunalipa nauli ya maji, msikilizaji, tunayapeleka Pugu yakatengeneze methani.

Hapo mtu mzima mmoja atakohoa na kusema, hawa vijana wa siku hizi wanatupa sana chakula. Namkatalia. Mwanafunzi wetu hasazi wali. Sahani yake ya wali maharage ameinunua kwa hesabu kali, na akimaliza unaweza kuirudisha kabatini bila kuiosha. Sehemu kubwa ya taka ya jikoni kwetu inatoka kabla chakula hakijafika mezani, kwenye maganda na mabua, na inatoka kwenye sufuria lililopikwa likakosa walaji.

Kwa nini likose walaji? Kwa sababu mpishi anapika gizani. Bumu likitoka, yaani ile fedha ya kujikimu ya mikopo, vijana wanahamia kwenye chipsi kuku kwa juma zima na maharage ya kantini yanalala. Bumu likichelewa, foleni ya ugali dagaa inafika mlangoni, au wengine wanaruka mlo wa mchana kabisa. Mhadhiri akiahirisha somo la watu 600 asubuhi, watu 600 hawaji chuoni siku hiyo, na mpishi anakuja kujua saa saba, mchele ukiwa umeshaiva. Taarifa zote hizo zipo chuoni. Ofisi ya mikopo inajua siku ya malipo, na ofisi ya ratiba inajua madarasa. Hakuna anayemwambia mama anayesonga ugali. Ujumbe wa simu wa jioni, wenye idadi ya watu wanaotarajiwa kesho yake, ungeokoa chakula kingi kuliko warsha ya siku tatu pale hotelini, na wala hauhitaji mfadhili.

Sasa nizungumzie mapipa matatu. Unayajua. Moja la kijani, moja la bluu, moja jekundu au jeusi, yana maandishi mazuri na nembo ya mradi. Niliwahi kusimama kwenye chuo kimoja, jina naliacha, nikitazama watu wanavyoyatumia. Vijana wengi walijitahidi, chupa huku, karatasi kule. Saa kumi gari la taka likaja. Wale vijana wa gari wakamimina pipa la kijani, wakamimina la bluu, wakamimina la tatu, yote kwenye tumbo lilelile, wakagonga bodi wakaondoka. Mwanafunzi akiona hivyo mara moja tu, kesho yake anatupa popote, na haki anayo. Chuo kinakuwa kimemfundisha kwa vitendo kwamba yale maandishi ni urembo.

Kosa hilo si la wale vijana wa gari. Wao wanatekeleza mkataba. Na hapa ndipo wasomi wetu hawapendi kuingia, maana mkataba wa taka haupandishi mtu cheo. Mkataba ukisema mzabuni atalipwa kwa tripu, basi mzabuni anatamani tripu nyingi, na taka zenye maji ndizo zinazojaza gari haraka. Ukisema atalipwa kiasi kilekile kila mwezi, anatamani kumaliza haraka, na njia ya haraka ni kuchanganya. Mkataba wa chakula nao, ikiwa haumtaji mpishi na maganda yake, mpishi atayasukuma nje ya mlango na kuosha mikono. Sijaona mti uliopandwa na waziri ukarekebisha kipengele cha mkataba.

Nimetaja miti, acha niseme na hili lipite. Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na leo chuo hicho kina taasisi yenye jina lake. Yeye na wale kina mama walipanda miti wakaitunza. Siku hizi tunapanda mti kwa ajili ya kamera, tumevaa fulana mpya, tukinywa maji ya chupa za plastiki, na mche unabaki kumwombea mtunza bustani apate bomba la maji. Tuendelee.

Kuna wanaouliza kuhusu biogesi, na swali lao ni la maana. Biogesi ni ileile methani, ila imekamatwa kabla haijatoroka. Unachukua mabaki ya chakula, unayasaga, unayachanganya na maji, unayaingiza kwenye mtungi mkubwa uliojengwa ardhini usioingia hewa, na gesi inayotoka inapelekwa kwa bomba jikoni kuchemshia chai na maharage. Tope linalobaki ni mbolea. Teknolojia hii si ngeni, kwani kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini, CAMARTEC, kule Arusha, kimeihangaikia kwa miongo kadhaa.

Hesabu yake ya kawaida ni hii. Tani moja ya mabaki ya chakula mabichi hutoa kama meta za ujazo 100 za biogesi, na meta moja ya ujazo inakaribia kufanya kazi ya nusu kilo ya gesi ya mtungi. Tuseme kantini inatoa kilo 200 za maganda na makombo kwa siku. Hapo unapata meta 20 za ujazo, sawa na kilo tisa hivi za gesi ya dukani. Ni mtungi mdogo wa kilo sita na nusu yake, kila siku. Haitoshi kulisha maelfu, na anayekuahidi kwamba itatosha anakuuzia kitu. Inatosha kupunguza kuni, na inatosha kuondoa harufu nyuma ya jiko.

Ila ina ugomvi na kalenda ya chuo. Vile vijidudu vinakula kila siku, na chuo kinafunga. Likizo ndefu ikifika, wanafunzi wameondoka, jiko limelala, mtambo unakaa na njaa kwa wiki nyingi. Oktoba wanafunzi wakirudi, mtu anamwaga makombo ya siku tatu kwa pamoja, mtambo unavimbiwa, unakuwa na tindikali, gesi haitoki. Baada ya hapo utasikia kwamba biogesi imeshindikana Afrika. Haijashindikana. Ilikosa mlishaji wakati wa likizo. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina mifugo ya mafunzo na samadi haiendi likizo, hivyo sitarajii kisingizio kutoka kwao. Chuo cha mjini kisicho na ng'ombe kinaweza kuchukua maganda ya soko la jirani kwa miezi hiyo. Maganda ya machungwa na malimau yapunguzwe, yanausumbua mtambo, na mafuta ya kukaangia yasimwagwe humo. Awepo mtu mmoja mwenye ajira, mwenye ufunguo, ambaye kazi yake ni hiyo na mshahara wake haukomi mradi wa wafadhili unapokwisha.

Wasiotaka mtambo wana njia nyepesi zaidi, na nyingine tayari zinafanyika kimyakimya. Wafugaji wa nguruwe wanakuja na madebe yao kubeba makombo. Waokota makopo wanachambua chupa alfajiri kabla ya mlinzi kuamka vizuri. Watu hawa wanakipunguzia chuo mzigo wa taka bila kulipwa, na malipo yao mara nyingi ni kufukuzwa getini. Chuo chenye akili kingewapa vitambulisho, kizimba safi cha kuchambulia, na makombo yaliyotengwa yasiyo na vipande vya plastiki vya kumuua mnyama.

Kuhusu kuni na mkaa, serikali ya Tanzania imeshasema. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa ziachane navyo, na mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nchi hii inapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, na jungu la chuo lina mchango wake humo. Nionavyo mimi, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wetu sasa inatoka Rufiji, jawabu kubwa la jikoni chuoni litakuwa umeme wenyewe. Maharage kwenye jiko la presha la umeme nyumbani hayamalizi hata uniti moja. Masufuria makubwa ya mvuke yanatumia umeme mwingi zaidi, ndiyo, lakini hapo sasa ndipo zile paneli za paa zingekuwa na kazi ya kweli. Mchana jua linawaka, na mchana ndipo jungu kubwa linapochemka. Paneli inayochemsha maharage yaliyokuwa yakichemshwa kwa mkaa inaokoa msitu. Kwa tabianchi, hiyo inazidi mbali paneli inayowasha taa ya ofisi iliyokuwa ikiwashwa na bwawa.

Halafu kuna majani makavu. Nenda chuo chochote chenye miembe na mikorosho, saa kumi na mbili asubuhi. Utasikia chelewa zikifagia, utaona vichuguu vya majani kando ya barabara, na saa moja vichuguu vyote vinafuka moshi. Tunachoma mbolea, kisha bajeti ya bustani inanunua mbolea. Hili halihitaji mtambo wala mkopo wa Ufaransa. Linahitaji msimamizi mmoja atoe amri kwamba majani yarundikwe kwenye mashina ya miti, yaoze hapo.

Wengine mtaniambia kuchambua taka ni tabia ya Ulaya. Nawaomba mwende Bonyokwa, kata iliyo wilayani Ilala, si mbali na Mlimani. Pale wakazi, kwa kusaidiana na asasi ya Nipe Fagio na ushirika wa wakusanya taka, wamekuwa wakitenganisha taka majumbani, zinazooza kando, zisizooza kando, na zinazooza zinageuzwa mboji na malisho. Hawa ni watu wa vyumba vya kupanga, hawana ndaki ya mazingira wala maprofesa. Jirani zao wa Mlimani wana kituo cha kutafiti mabadiliko ya tabianchi, na Chuo Kikuu Ardhi, ukuta kwa ukuta, kinafundisha uhandisi wa mazingira. Wanafunzi wa fani hizo kila mwaka wanahitaji mada za tafiti. Wengi wanatumwa kupima taka za watu wa mitaani. Wakabidhiwe mizani, wapime taka za chuo chao, jengo kwa jengo, kilo kwa kilo, na matokeo yabandikwe mlangoni pa kantini mahali pa tangazo la mechi. Chuo kisichojua kinatoa kilo ngapi kwa siku kinatangazaje kwamba kimepunguza?

Kenya wameliweka wazi kisheria jambo hili la kutenganisha taka. Sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji wa taka atenganishe zinazooza na zisizooza, na chuo kimo humo, cha umma au cha binafsi. Utekelezaji ni habari nyingine. Lakini mwanafunzi wa Nairobi anaweza kumwuliza mkuu wake swali akiwa ameshika kifungu cha sheria mkononi.

Kwa hiyo, msikilizaji uliye kwenye kamati ya zabuni ya chuo, maana najua baadhi yenu mnasikiliza, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, Tanzania na Kenya. Kabla ya hapo mikataba ya chakula na ya uzoaji taka inaandikwa upya. Andikeni mambo matatu humo. Taka zipimwe kwa kilo kabla ya kutoka getini. Mabaki ya chakula yasipande gari moja na plastiki, na mzabuni atakayechanganya akatwe malipo. Mpishi apewe idadi ya walaji kila jioni. Ninyi wanafunzi mlio kwenye serikali ya wanachuo, ombeni nakala za mikataba hiyo mkazisome.